Afisa mawasiliano na mitandao ya kijamii: ujuzi upi hasa unatafutwa?

Ni nadra siku hizi kukuta tangazo la nafasi ya afisa mawasiliano lisilotaja mitandao ya kijamii. Shida ni kwamba tangazo lenyewe halisemi linataka nini. Kuposti? Kuhariri video fupi? Kusoma takwimu? Kumjibu mteja aliyefura hasira saa nne usiku? Yote yamebanwa kwenye maneno “uzoefu wa mitandao ya kijamii”, na kijana mwenye wafuasi wengi anaona ameshafuzu.

Wapo wanaoubeza ujuzi huu, hasa waliokulia kwenye magazeti na redio. Wanasema majukwaa huja na kupita. Vine, iliyokuwa maarufu kwa video za sekunde 6, ilizimwa mwaka 2017. Google+ ikafuata 2019. Twitter ilianza na kikomo cha herufi 140, ikapanda hadi 280 mwaka 2017, na mwaka 2023 ikabadili hata jina, ikawa X. Mfundishe mtu kuandika na kuhakiki taarifa, wanasema, hayo ya kubonyeza atayazoea ndani ya wiki mbili.

Hoja hiyo ina uzito, ila inachukulia kwamba kazi ya mtandaoni ni kubonyeza tu. Septemba 2014, wanawake wengi Marekani walikuwa wakieleza Twitter, kwa hashtegi ya #WhyIStayed, kwa nini walibaki na wenza waliokuwa wakiwapiga. Akaunti ya pizza za DiGiorno ikaidaka hashtegi hiyo na kuandika kwamba ilibaki kwa sababu ya pizza. Chapisho likafutwa haraka, na kampuni ikawaomba radhi watu mmoja mmoja, ikikiri kwamba haikusoma hashtegi ilihusu nini kabla ya kuposti. Aliyeandika alijua kabisa kubonyeza, na sentensi yake haikuwa na kosa la sarufi. Kilichokosekana ni mazoea ya kupekua mazungumzo ya wengine kabla ya kuyaingilia, na mazoea hayo mtu huyapata kwa kushinda humo mtandaoni. Hapo wakongwe wanaobeza wanakosea.

Upande wa pili nao una upofu wake: imani kwa namba. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili wastani wa muda wa kutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye hesabu. Miaka hiyohiyo vyombo kadhaa vya habari vilikuwa vikihamishia nguvu kwenye video, vingine vikipunguza waandishi. Afisa anayepeleka kwa bosi ripoti ya “tumefikia watu wengi” bila kuuliza kipimo hicho kinahesabu nini, anasambaza tu tangazo la jukwaa. (Na mabosi, tuseme ukweli, huzipenda ripoti za aina hiyo.)

Kwa maoni yangu, anayestahili mshahara mnono ni yule anayejua pia wakati wa kutoka nje ya mtandao. Februari 2018 mamia ya migahawa ya KFC nchini Uingereza ilifungwa kwa kukosa kuku, baada ya kampuni kubadili msambazaji. Mitandao ilijaa kejeli. KFC iliendelea kujibu humo, lakini radhi yake kubwa ilichapishwa magazetini: ukurasa mzima, ndoo tupu, na herufi za jina lake zimepanguliwa zikasomeka FCK, karibu sawa na tusi la Kiingereza. Picha za ukurasa huo ndizo zilizosambaa mitandaoni. Uamuzi wa aina hiyo unahitaji mtu anayeijua lugha ya mtandao na anayethamini gazeti kwa wakati mmoja, na watu hao ni wachache kwa sababu vyuo na waajiri wengi bado wanayatenga mambo haya mawili.

Kwenye usaili, basi, idadi ya wafuasi ingekuwa swali langu la mwisho. Ningempa mwombaji maoni kumi ya wateja wenye hasira, achague yapi ajibu hadharani, yapi ahamishie kwenye ujumbe wa faragha, na yapi ayaache kwanza ampigie simu mwanasheria. Mwombaji naye ana haki ya kuuliza: chapisho la usiku linaidhinishwa na nani? Taasisi isiyo na jibu inatafuta mtu wa kubebeshwa lawama siku mambo yakiharibika.