Mashine Iliyoniongezea Miaka Kumi na Mitatu

Mwenzenu nina miaka 44, na hadi Jumamosi iliyopita kitambi changu kiliheshimika hapa Temeke kama ushahidi kwamba nyumbani kwangu panapikwa. Ndipo ukumbi wa mazoezi wa mtaani ulipoleta mashine ya kupima muundo wa mwili, na mke wangu akanilipia bila kuniuliza.

Masharti yake yalinichosha kabla sijafika. Nisile wala kunywa chochote kwa saa tatu, nisifanye mazoezi (sharti pekee nililolitimiza bila shida), na niende haja ndogo kabla ya kupanda. Kupita mbele ya muuza supu na chapati asubuhi ya Jumamosi, tumbo likiwa tupu, ni adhabu ambayo singemtakia hata mwenye nyumba wangu.

Kijana wa zamu akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikaitikia, akaniagiza nivue viatu, soksi na kila chenye chuma. Pete ya ndoa ikagoma. Tuliivuta, tukaipaka sabuni, tukaivuta tena huku waliokuwa foleni wakitoa ushauri, mpaka ikatoka na ngozi kidogo. Kisha akaniuliza kama nimewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwa kuwa mashine hupitisha umeme mwilini. Umeme! Ule wa nyumbani hukatika kila nishikapo pasi, lakini huu wa kunipitia mimi haukukatika hata sekunde moja. Akanieleza kwamba ni hafifu mno, kwamba misuli huupitisha kwa urahisi kwa sababu ina maji mengi ilhali mafuta huuzuia, na kwamba kutokana na kizuizi hicho mashine hukadiria kilichomo ndani. Neno "hukadiria" nililisikia vizuri, nikalitunza.

Karatasi ikatoka. Uzito kilo 91.4, urefu sentimita 168, uwiano wa uzito na urefu 32.4, wakati unene uliokithiri huanzia 30. Hesabu hiyo ilibuniwa karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na nyota, na mimi sielewi aliyezoea kuchunguza nyota alitafuta nini kwenye matumbo ya watu. Mafuta yalikuwa kilo 28, yaani kiroba cha unga cha kilo 25 na nyongeza ya kilo tatu, mzigo ambao nimeupandisha ngazi miaka yote bila ujira. Maji, kilo 46. Hapo ndipo nilipokasirika hasa: mabomba yetu yamekauka wiki ya pili, tunanunua maji kwa dumu, kumbe mimi nazurura na madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa na chenji juu! Mstari wa mwisho uliandikwa, "Umri wa mwili: 57." Kijana akausoma, akanitazama, akaniamkia upya.

Nilimkumbusha lile neno lake. Akakiri kwamba kiasi cha maji mwilini kinaweza kuyumbisha majibu, kwa hiyo nirudi baada ya mwezi, saa ileile, na njaa ileile.

Nyumbani nilianza kumsomea mke wangu ile karatasi kwa sauti ya mgonjwa, nikitarajia huruma na pengine chai. Hakusikia hata mstari mmoja, maana macho yake yalikuwa kwenye kidole changu cha pete, na pete yenyewe ilikuwa bado mezani kwa yule kijana, ndani ya povu la sabuni.