TV ya chogo na PS4: nani anacheza, nani anatazama

Kwenye uchochoro mmoja wa Jang'ombe, hapa Unguja, kuna vibanda viwili vya gemu vinavyotazamana. Cha kulia kina PS2 mbili (PlayStation 2, konsoli za Sony) zilizofunguliwa ili zisome CD za kuchoma, na TV zake ni zile za chogo; moja imeanza kuvuja rangi ya kijani pembeni. Cha kushoto kina PS4 mbili, flati skrini ya maana, feni, na pazia mlangoni. Kulia mechi ni shilingi 200, kushoto 500. Nimepita pale mara nyingi baada ya laasiri, watoto wakishatoka chuoni, na mtindo wao haubadiliki. Kwanza wanakwenda kushoto, wanainua pazia, wanasimama wakikodoa macho mpaka wafukuzwe. Halafu wanavuka kwenda kulia kucheza.

Vijana wa maskani iliyo jirani wana tafsiri yao. "Gemu ni utamu wake, si sura," aliniambia mmoja, mtu ambaye ujana wake wote umeishia kwenye PES, gemu ile ya mpira. Mwenzake akamrukia: kama sura haina maana, mbona watoto wanaanzia kwenye pazia? Ubishi huu ni wa dunia nzima: gemu ya konsoli ipimwe kwa maudhui yake, yaani kanuni, changamoto, hadithi na mambo ya kufanya ndani yake, au kwa grafiki, sauti na mbwembwe za utengenezaji?

Kabla sijaingia, niondoe hoja moja mezani. Mtoto mwenye shilingi 200 mkononi hajachagua maudhui. Amechagua kile ambacho 200 inanunua. Tukitumia foleni ya kibanda cha kulia kama ushahidi kwamba utamu umeishinda sura, tunajidanganya.

Wanaotetea maudhui wala hawahitaji ushahidi huo, maana wanao mzito zaidi. PS2, iliyotoka mwaka 2000, imeuzwa kuliko konsoli nyingine yoyote, zaidi ya milioni 160, na haikuwa yenye nguvu kuliko wenzake; Xbox na GameCube za 2001 ziliiacha kwa michoro. Iliwazidi kwa wingi na aina za gemu zake (na tuseme kweli, kwa sababu ilikuwa pia deki ya DVD wakati deki bado ni ghali). Mwaka 2006 Nintendo ikaleta Wii, ambayo hata picha ya HD haikuweza kutoa, na ikauza zaidi ya milioni 100. PS3 ya mwaka huohuo, yenye misuli mingi zaidi, iliishia kwenye milioni 87 hivi. Minecraft, ulimwengu wa matofali ya mraba, ilipita nakala milioni 300 mwaka 2023. Na Balatro ya mwaka 2024, ambayo ni karata tu juu ya meza, iliyobuniwa na mtu mmoja, ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 5 kufikia Januari 2025.

Halafu kuna gharama. Nyaraka za kesi ya Microsoft huko Marekani mwaka 2023 zilifutwa siri zake vibaya kwa wino, zikasomeka. Ndipo watu wakajua kuwa gemu ya The Last of Us Part II ilitengenezwa kwa dola milioni 220 hivi, na Horizon Forbidden West kwa milioni 212. Fedha hizo haziliwi zote na grafiki, lakini majani yanayopepea moja moja na jasho linaloonekana kwenye shingo yanahitaji mamia ya watu na miaka kadhaa. Itazameni GTA, mfululizo wa gemu za magari na ujambazi wa mjini. Kati ya 2001 na 2004 zilitoka tatu kubwa: GTA III, Vice City na San Andreas. GTA V ikatoka 2013, na miaka zaidi ya kumi ikapita bila mrithi. Mtoto aliyeipokea akiwa darasa la kwanza amemaliza skuli, ameota ndevu.

Lakini upande wa pili nao si wa wapenda urembo tu, na hapa ndipo naachana na yule kijana wa PES.

Chukua Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kwenye PS4 ilikuwa kichekesho: picha zinachelewa kujazwa, gemu inazima katikati. Baada ya siku nane tu Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kuwarudishia watu fedha. Wengi huitaja kama mfano wa sura iliyokosa moyo. Mimi naona kinyume chake. Hadithi na misheni nyingi zilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kilichoanguka kwenye PS4 ni utengenezaji. Maudhui mazuri ndani ya kazi mbovu hayakumfikia mtu. Ni kama pilau iliyopikwa vizuri ikapakuliwa kwenye sahani iliyotoboka.

Lipo na jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya na Marekani hawalazimiki kulifikiria: lugha. Wanaposema wanataka hadithi badala ya picha, wanazungumza kama watu wanaosoma maneno yaliyo chini ya skrini. Gemu kubwa za konsoli haziji kwa Kiswahili. Nakumbuka misheni ile ya San Andreas ya kuifukuza treni kwa pikipiki, na jamaa mnene amepakiwa nyuma na bunduki. Tuliirudia wiki mbili. Tulikuwa tunajibana kabisa na treni, tukidhani ukiwa karibu ndiyo risasi inapata. Kumbe ilitakiwa kukaa pembeni kidogo ili yule mnene awaone walio juu ya mabehewa. Maelezo yalikuwapo, kwa Kiingereza cha mtaani cha Marekani ambacho hata mwalimu wetu asingekielewa. Tuliobaki tulimaliza kwa kodi za siri, yaani mifuatano ya vitufe vya kuidanganya gemu, zilizoandikwa nyuma ya daftari la hesabu.

Kwa mtoto wa namna ile, picha ndiyo maudhui. Uso wa mhusika unapoonyesha hofu sawasawa, mlango unapowaka mwanga kidogo ili ujue huku ndiko, mvua inapofanya barabara iteleze ukaona kwa macho kabla gari halijakutoka, yote hayo ni maelezo yasiyohitaji kamusi. Nadhani ndiyo sababu hapa kwetu gemu za mpira na za kupigana zimeshika sana, na zile za mazungumzo marefu hazina mteja vibandani, hata zisifiwe vipi huko kwingine.

Kwa hiyo ugomvi wenyewe umepangwa vibaya. Si kila kinachoitwa grafiki ni kitu kimoja, na mfano wangu naupata kwenye bao. Bao la Kiswahili ni mashimo 32 na kete 64, basi. Wazee huweza kulicheza kwenye mashimo waliyochimba mchangani na lisipungue hata kanuni moja. Nenda sasa kwenye maduka ya vinyago ya Mji Mkongwe utaona mabao ya kuuzia wageni, yamenakshiwa pembeni kama milango ya kale. Niliwahi kuletewa moja la zawadi. Mashimo yake yalikuwa membamba, hayana kina. Vidole havichoti, kete zinaruka, ukitakata (kusambaza kete bila kula) mara mbili umeshasahau ulipofika. Lile la barazani, limepauka, halina ua hata moja, lakini mashimo yake mapana yamelainishwa na viganja vya miaka. Hilo nalo ni utengenezaji wa hali ya juu. Umewekwa mahali mkono unapogusa, basi.

Kwenye konsoli mahali hapo ni kasi ya picha na wepesi wa pedi. Gemu inayotoa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde huhisi tofauti mkononi na ya fremu 30, hata kama kila fremu haina urembo. Gemu nyingi za PS5 humwachia mchezaji achague: picha kali zaidi au mwendo laini zaidi. Septemba 2024, akiitambulisha PS5 Pro, Mark Cerny wa Sony alisema wachezaji huchagua mwendo karibu mara tatu kati ya nne. Aliyesema hivyo alikuwa anauza mashine ya dola 700 wakati huo, yenye kazi ya kuongeza uzuri wa picha, na bado takwimu yake inasema mwenye pedi yuko tayari kuuacha uzuri ili mkono wake usikilizwe haraka. Mwenye kibanda cha kulia analijua hili bila Cerny. Aliwahi kununua flati skrini ya bei poa akaiunganisha na PS2. Wateja wakalalamika pedi "inachelewa", unabonyeza shuti mpira unatoka baadaye. Akarudisha chogo.

Na wateja hao hao wanacheza PES ya zamani iliyopandikizwa majina ya msimu huu. Ukimsogelea mchezaji kwenye picha unakuta jina la Haaland juu ya uso wa mtu aliyestaafu zamani. Hakuna anayejali. Jina, jezi na mbio vinatosha.

Sasa kama mwenye pedi anapenda mwendo na utamu, kwa nini kampuni zinazidi kumwaga mamilioni kwenye jasho la shingoni? Jibu langu liko mahali fedha zinapokusanywa. Gemu kubwa huuzwa dola 70, na mnunuzi hulipa kabla hajagusa chochote, mara nyingi baada ya kuona video ya dakika mbili. Utamu wa kanuni hauonekani kwenye video, jasho linaonekana. Anayeshawishiwa wakati huo ni mtazamaji, bado hajawa mchezaji. Kibandani hesabu ni nyingine kabisa. Unalipa kila mechi, na kitakachokufanya utoe 200 ya pili ni hasira ya kufungwa dakika ya mwisho, si nyasi. Biashara ya kulipwa mara moja huegemea kwenye sura, na ya kulipwa kidogo kidogo huegemea kwenye kinachomrudisha mtu. Gemu za bure za mtandaoni zimelielewa hilo vizuri, pengine vizuri kupita kiasi, kwa namna zinavyowakamua watoto. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Nikiulizwa mimi niko wapi, nitasema niko na maudhui, nikiongeza kwamba mashimo ya bao ni sehemu ya maudhui. Kinachoniudhi ni urembo unaolipiwa na asiyeuona: gemu ya GB 100 ambayo kijana wa Chake Chake ataipakua kwa bando wiki nzima, nusu ya uzito wake ikiwa ni picha kali za skrini ambayo hana. Hapo grafiki imeacha kuwa ladha, imekuwa kodi. Hata hivyo siwezi kuwadharau wanaosimama kwenye pazia. Kila mchezaji alianza akiwa mtazamaji, na kilichomvuta hakikuwa kanuni.

Juzi nilikaa ndani ya kibanda cha kushoto. Watu wanane, pedi mbili. Timu zinatoka kwenye njia ya uwanjani, kamera inapita usoni kwa kila mchezaji, bendera zinapepea, na mwenye kibanda anapiga kelele, "Ruka! Ruka!" kwa sababu kila dakika ya mbwembwe ni dakika ambayo mteja mwingine hajalipa. Bao likafungwa. Marudio yakaanza polepole, wavu unatikisika uzi kwa uzi, na yule mwenye pedi akabonyeza kuruka.

"Ami, mwambie aache, sisi hatujaona!" ikatoka sauti nyuma ya pazia.

"Toa 500 uone."

Mtoto akaachia pazia, akavuka uchochoro. Nilipotoka nilimkuta ameshika pedi mbele ya chogo la kijani, anaongoza mbili bila. Akafunga la tatu. Marudio yakaanza, naye akabonyeza kuruka kabla mpira haujafika wavuni.