Duka la grafiki Malindi: lishike kazi moja au zote?

Mpwa wangu alinijia na daftari. Amesomea usanifu wa grafiki, amefanya kazi miaka mitatu katika duka la wenyewe, na sasa akiba yake inatosha kukodi chumba kimoja nyuma ya barabara ya Lamu, hapa Malindi. Daftarini alikuwa ameandika huduma atakazotoa: mabango, stika, vibao vya maduka, fulana, kofia, vikombe, kadi za harusi, programu za mazishi, kalenda, mihuri, vitambulisho vya wafanyakazi, na kopi pamoja na laminesheni. Kumi na mbili. Akaniuliza, "Mjomba, nimesahau nini?"

Mimi nikamuuliza atafuta nini. Tulibishana mpaka isha, na tangu siku ile sijaacha kulifikiria jambo hili, maana nimewaona vijana wengi wa kazi hii wakianza kwa moyo na kufunga kabla ya mwaka wa pili. Wengine walifunga kwa sababu walishika kila kitu. Wengine, na hili lazima nilikiri, walifunga kwa sababu walishika kitu kimoja.

Nianze na hoja yake, kwa sababu ina nguvu kuliko nilivyotaka kukubali usiku ule.

Mji wetu unaishi kwa misimu. Watalii, na hasa Waitaliano, hujaa Desemba hadi karibu na Pasaka. Masika yakianza, hoteli nyingi hufunga milango, na hapo hakuna anayeagiza menyu wala kibao cha ufukweni. Shule huagiza Januari. Harusi za Waislamu husongamana kabla ya Ramadhani, kisha tena baada ya Idi. Siasa ina msimu wake wa miaka mitano: mwaka 2022, kuelekea uchaguzi wa Agosti, mashine za fulana na mabango hazikulala, na kuelekea Agosti 2027 hazitalala tena. Hakuna hata kazi moja katika hizi inayoweza kulisha duka miezi 12. Mpwa wangu alinipa mfano wa wavuvi wa hapa. Kaskazi ikivuma, bahari ikatulia, mvuvi hutoka nje ya mwamba. Kusi ikichafua bahari, hurudi ndani na madema na mshipi wake. Hakuna anayemwambia huyo kwamba hajui kazi yake.

Kisha akanikumbusha mwaka 2020. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi na hazikurudi mpaka 1 Agosti. Duka nililokuwa nikifanyia kazi wakati ule lilitegemea hoteli peke yake. Tulijivunia jambo hilo, tukiwatazama majirani wa kopi na vitambulisho kama watu wasiojua thamani yao. Kufika Juni tulikuwa tumerudisha funguo za chumba. Jirani mmoja aliyekuwa akifanya kila kitu aliendelea kufungua: akachapa vibao vya "Nawa mikono", akachapa alama za kubandika sakafuni ili watu wasimame mbalimbali, akachapa hata majina ya shule kwenye barakoa. Nilimwona kwa macho yangu akilipa wafanyakazi wawili katika miezi ambayo mimi sikuwa na kazi. Kwa hiyo anayesema kuchanganya kazi ni tamaa tu hajapitia mwaka kama ule.

Liko pia suala la ukubwa wa soko. Adam Smith, aliyeusifu sana ugawaji wa kazi mwaka 1776, alisema wakati uleule kwamba ugawaji huo una mpaka, na mpaka wake ni upana wa soko. Mfano wake ulikuwa nyanda za juu za Uskoti: nyumba ziko mbalimbali, wateja ni wachache, kwa hiyo kila mkulima hana budi kuwa mchinjaji, mwokaji na mpika pombe wa nyumba yake mwenyewe. Ukipima kwa kipimo hicho, sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu 4,397,073, Mombasa 1,208,333, na kaunti ndogo nzima ya Malindi, pamoja na vijiji vyake, 333,226. Fundi wa Nairobi anaweza kufunga milango yote akabaki na stika za magari tu, na bado watu wakapanga foleni. Hapa wateja wa jambo moja huisha haraka.

Sasa upande wangu, ambao nimeulipia.

Orodha ya huduma 12 ikiandikwa ukutani ni maneno tu. Ndani ya chumba ni mashine, na kila mashine ina tabia zake. Printa kubwa ya bango hutumia wino unaokauka. Isipochapa mara kwa mara, matundu ya kichwa chake huziba, na kichwa kipya ni gharama inayoweza kumeza faida ya miezi. Mashine ya namna hiyo haivumilii kukaa ikisubiri msimu, na ukiongeza umeme wetu unaokatika, inakaa zaidi ya ulivyopanga. Vikombe huchapwa kwa sablimesheni: wino hugeuka mvuke kwa joto la karibu nyuzi 200 na kuingia katika ngozi ya polista iliyopakwa kikombe. Wino huohuo haushiki kwenye fulana ya pamba, kwa hiyo anayedhani mashine ya vikombe itamfanyia na fulana za shule atagundua kwamba amenunua nusu ya alichohitaji. Fulana za pamba zinataka skrini, yaani fremu ya wavu wa kupitishia wino, ambapo kila rangi ina skrini yake, hivyo fulana tano za rangi nne ni hasara na fulana mia tano ni neema. Au zinataka DTF, inayochapa kwenye filamu, ikanyunyiziwa unga wa gundi, kisha ikapigwa pasi. Kila moja ni elimu. Mtu mmoja katika chumba kimoja, na mtaji uleule ukigawanywa mara tano, atanunua mashine tano za daraja la chini na kujifunza kila moja nusunusu, na nusu aliyoikosa ataijulia kwenye kazi ya mteja.

Mimi niliijulia kwenye mashua. Mwenye mashua ya kioo inayopeleka watalii kwenye hifadhi ya bahari alinipa kazi ya jina la chombo chake, pande zote mbili, herufi nyekundu na kivuli cha njano. Wakati huo nilikuwa nikifanya kila kitu, nami nikatumia karatasi ya stika niliyokuwa nayo, ileile ya kubandika kwenye vioo vya maduka. Sikujua kwamba stika ziko za namna mbili. Moja plastiki yake hubanwa na kuvutwa kwa rola, hivyo hubaki na mvuto ndani yake, na ikipata joto hujikunja kurudi ilikotoka. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa, haina mvuto, na hutulia juu ya ubavu uliopinda. Ya kwanza ndiyo rahisi. Kabla miezi minne haijaisha, pembe zilikuwa zimenyanyuka na chumvi imeingia chini yake. Wino wa magenta na wa njano ndio unaochoka kwanza juani, basi wekundu wa jina lake ulikuwa umepauka kama leso iliyofuliwa mara mia. Yule mzee hakunigombeza. Aliniambia, "Hukunidanganya, ila hukujua." Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Linalofuata ni bei. Bango la kawaida la mita mbili kwa moja mteja anaijua bei yake kabla hajaingia dukani, kwa sababu ameshaulizia kwa WhatsApp hadi Nairobi, pande za River Road, na anajua litafika kwa basi la usiku. Huwezi kumshinda mchapaji wa huko kwa bei. Usanifu wenyewe nao umeshuka: mteja anakuja na picha aliyoitengeneza mwenyewe kwa Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, akaituma kwa WhatsApp, ikabanwa njiani, na anataka uikuze iwe mita tatu. Mwenye duka la kila kitu hukubali, huchapa ukungu, na hulaumiwa yeye. Aliyebobea humweleza, humwomba faili ya asili, na humwambia kwamba herufi ya sentimita mbili na nusu husomeka vizuri kwa umbali wa mita tatu hivi, basi kibao cha kutazamwa toka ng'ambo ya barabara kinataka herufi kubwa na maneno machache. Mteja wa namna hii habishani sana juu ya bei. Amepata alichokosa kwingine.

Hata hivyo kubobea kwenyewe kunaweza kumwangamiza mtu, na hapa ndipo nadhani wengi wetu tunakosea tunaposhauri vijana. Wazee wanakumbuka mafundi wa brashi. Mwaka 2004, sheria ya matatu ilipoamuru utepe wa manjano wa sentimita 15 ubavuni, walipata kazi nyingi kuliko mikono yao. Walikuwa mabingwa wa kweli: mstari ulionyooka bila rula, herufi zenye pumzi. Kisha mashine za kukatia stika zikashuka bei, na waliojiita mafundi wa brashi wakabaki na brashi. Wachache waliojiona ni mafundi wa herufi zinazosomeka barabarani walinunua mashine, na wengine wako kazini hadi sasa. Ujuzi ulikuwa uleule. Tofauti ni walichodhani wanakiuza.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu asibobee katika mashine, wala asijifunge kwa aina moja ya mteja, kama tulivyojifunga sisi kwa hoteli. Abobee katika tatizo. Na tatizo la mji huu liko wazi kwa kila mwenye macho: jua na chumvi. Tembea ufukweni, pita stendi ya tuktuk, nenda hadi Watamu au Mambrui, utaona vibao vilivyopauka, stika zilizochanika, majina ya vyombo yasiyosomeka. Duka linalojulikana kwamba maandishi yake hayafi juani lina mteja wa mashua, wa tuktuk, wa hoteli, wa shule na wa kioski. Msimu wa hoteli ukifa, tuktuk bado zinatembea. Hapo kubobea na kutanua vinakutana kwa njia niliyoweza kuikubali: ujuzi mmoja, wateja wengi.

Zile huduma nyingine je? Nadhani kaunta yake inaweza kuzipokea bila karakana yake kuzifanya. Mtu akija na oda ya fulana, azipeleke kwa mwenzake mwenye skrini nzuri, naye ampelekee vibao. Kuna hatari, sizifichi. Mwenzako anaweza kuchelewa na lawama ikawa yako. Anaweza kumchukua mteja. Faida inayobaki ni ndogo. Nimefanya hivi kwa miaka kadhaa, na lililonisaidia ni kumwambia mteja wazi kwamba kazi hii inafanywa na fulani, kuweka tarehe yangu siku mbili kabla ya tarehe ya mteja, na kuikagua kila fulana kabla haijatoka mkononi mwangu. Mteja mmoja nilimpoteza kwa njia hiyo. Lakini sijawahi tena kuambiwa kwamba sikujua.

Mahali pamoja tu ndipo upana hauna mbadala, nako ni kwenye tenda za umma. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mpwa wangu anastahili. Oda za tenda huja zimechanganywa: bango, kofia, vitambulisho, vyote kwa mtoaji mmoja. Mtandao wa wenzake utamwezesha kuijibu. Ninachomwogopesha ni malipo, yanayoweza kukaa miezi wakati mwenye skrini anadai yake wiki hiyohiyo. Asiingie huko mwaka wa kwanza.

Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali lililoninyamazisha: "Na kodi ya mwezi wa tano, Mjomba?"

Ni kweli. Sifa ya kazi isiyopauka juani huhitaji muda, kwa sababu ni lazima jua lenyewe litoe ushahidi. Mteja wa mashua atakuamini akiona mashua ya mwenzake baada ya mwaka, na mwenye chumba hasubiri mwaka. Sijapata jibu la swali hili ila la kuazima kutoka upande wake: kwa mwaka wa kwanza aweke kitu kimoja chepesi cha kuingiza shilingi za kila siku. Mimi nilipendekeza programu za mazishi na kopi, zinazotaka printa ya mezani tu. Msiba hauna msimu, na familia inayohudumiwa kwa upole siku ile hukumbuka duka. Jina la marehemu lisikosewe herufi hata moja, hilo nilimsisitizia mara mbili.

Amefuta vikombe, kofia, kalenda, kadi za harusi na vitambulisho. Fulana na mabango atayapokea na kuyapeleka kwa wenzake. Mtaji uliobaki unaingia kwenye mashine moja nzuri ya kukatia stika na karatasi ile ya kumiminwa. Mihuri nilitaka aifute pia, akakataa. Anasema mashine ya mihuri inakaa juu ya meza, na kwamba kila wiki kuna chama kipya cha akina mama au kikundi cha bodaboda kinachotaka kufungua akaunti, nacho kinataka muhuri. Hapo sikuwa na la kumjibu.