Muungano wa wanawake hauhitaji kupendana

Kila unapozinduliwa muungano wa kitaifa wa kudai usawa wa wanawake, hotuba ya kwanza huwa ya umoja. "Sisi sote ni kitu kimoja," anasema mgeni rasmi, na ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Mimi huishia kuguna. Wanawake si kitu kimoja. Kuna mwajiri na anayemfulia nguo, kuna wa chama tawala na wa upinzani, na wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mila inayowanyima urithi ni mila njema. Muungano unaojifanya hauyaoni hayo hupasuka siku ile ile madai yanapoanza kuandikwa.

Ndiyo maana nauhusudu ule wa Afrika Kusini, Women's National Coalition. Ulizinduliwa Aprili 1992, mazungumzo ya kuuzika ubaguzi wa rangi yakiwa yameanza na meza zake zimejaa wanaume. Aliyeuongoza ni Frene Ginwala wa ANC, chama kilichopigania kuung'oa ubaguzi huo. Ndani yake walikuwamo wanawake wa ANC, wa National Party iliyoujenga ubaguzi wenyewe, na wa Inkatha, chama ambacho wafuasi wake na wale wa ANC walikuwa wakiuana wakati huo huo. Hebu fikiria kuandika muhtasari wa kikao cha namna hiyo!

Hawakutakiwa wapatane katika kila jambo. Walichokubaliana kilikuwa kifinyu: wanawake wa nchi nzima waulizwe wanataka nini, na usawa wao uingie kwenye katiba mpya. Mengine yote kila mmoja alirudi nayo chamani kwake. Na ufinyu huo ulizaa matunda. Mwaka 1993, kwenye mazungumzo hayo ya katiba mpya, yaliyofanyika Kempton Park, kila chama kililazimika kuwa na mwanamke katika ujumbe wake. Machifu walipotaka sheria za kimila zisiguswe na kipengele cha usawa, walishindwa, na wanawake wa vijijini walikuwa mstari wa mbele kuwapinga, kwa kuwa wao ndio walioishi chini ya sheria hizo. Februari 1994 muungano ukapitisha mkataba wake wa madai. Uchaguzi wa mwaka huo uliingiza wanawake kwenye zaidi ya robo ya viti vya Bunge, na Ginwala akawa Spika.

Liberia nayo, mwaka 2003: wanawake Wakristo na Waislamu, akiwamo mwanaharakati wa amani Leymah Gbowee, waliketi pamoja juani wakiwa na dai moja tu, vita viishe. Wangeanza na orodha ya madai thelathini, sidhani kama wangefika mbali.

Sasa niseme linaloniudhi. Miungano mingi haiuawi na wapinzani wa usawa. Huuawa na bajeti. Shirika kubwa la mjini linaandika andiko la mradi, linapata fedha, kisha linawaita wengine "wadau" waje kutia saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Kikao kimepangwa saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Mfanyakazi wa ndani atatokaje? Mwenye genge atamwachia nani biashara? Akifika, nauli yake inarudishwa baada ya wiki mbili, kwa risiti, wakati hata basi alilopanda halitoi risiti. Mjadala wenyewe unaendeshwa kwa lugha ya wanasheria, na mwanamke aliyefukuzwa kwenye shamba la marehemu mumewe anapewa dakika tano za "ushuhuda" kabla ya chai. Baada ya chai, maamuzi yanafanywa na wale wale.

Kwangu mimi, kabla ya jina na nembo, muungano uamue nani anashika fedha na nani anaruhusiwa kuziona hesabu zake. Kisha wajumbe waandike mambo ambayo hawatayazungumzia kwa jina la muungano. Najua wanaharakati wenzangu watasema huo ni woga. Lakini mwanamke wa kanisani au msikitini aliyekuja kudai haki ya ardhi akijikuta magazetini anatetea jambo asilolikubali, kikao kijacho hamtamwona, na watu aliokuja kwa niaba yao mmewapoteza pia.

Kipo kipengele kingine ambacho miungano huachia hewani: siku ya baada ya ushindi. Kule Afrika Kusini viongozi wengi waliingia bungeni na serikalini, na muungano ukaishiwa nguvu. Kenya nayo iliandika kwenye Katiba ya 2010 kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa chombo cha kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Miswada ya kuutekeleza mpango huo bungeni ikawa inakwama, mingine kwa sababu tu wabunge wa kutosha hawakutokea kupiga kura. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo. Halikuvunjwa.

Kwa hiyo andiko la mradi liwe na fungu la watu wa kukaa kwenye ukumbi wa wageni bungeni, kuandika nani alikuja na nani hakuja siku ya kura, na kuyabandika majina hayo jimboni kwa kila mbunge kabla kampeni hazijaanza.