Sifa za mtumishi hazimlindi mtoto

Huku Uingereza, ukijitolea kufundisha watoto kanisani, hata kama nyumbani ulikuwa mzee wa kanisa, utaambiwa usubiri. Kuna fomu, wadhamini, cheti cha DBS kinachopekua rekodi za polisi, na mafunzo ya kurudia kila baada ya miaka mitatu. Wenzetu wengi hununa: "Kwani mimi mhalifu?" Kwangu mimi, huko ndiko kumheshimu mtoto, na nyumbani tunahitaji heshima hiyo zaidi ya tunavyokubali.

Nyumbani tunategemea macho ya majirani, na yanasaidia kweli. Mtoto akipotea sokoni hakosi wa kumshika mkono. Tatizo ni pale anayetuhumiwa akiwa mwinjilisti au mwalimu wa kwaya. Kinaitwa kikao cha wazee, wazazi wanabembelezwa wasamehe, mtuhumiwa anahamishiwa usharika mwingine, na huko anapokewa kwa vigelegele.

Wazungu nao wasijisifu. John Smyth, wakili wa Uingereza aliyeheshimika, aliwachapa vijana wa kambi za Kikristo hadi damu. Ripoti ya siri iliwafikia viongozi kadhaa mwaka 1982, wakanyamaza. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine huko Afrika. Novemba 2024 Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyeongoza Kanisa la Anglikana la Uingereza, akatangaza kujiuzulu kwa sababu ya sakata hilo. Cheti kingemwonyesha Smyth msafi, maana hakuna aliyempeleka polisi mapema.

Kwa hiyo tuchukue yale yasiyohitaji fedha. Darasa la shule ya Jumapili liwe na watu wazima wawili, wasiwe mume na mke. Watoto wa miaka 4 hadi 8, mtu mzima mmoja asizidishiwe sita. Wa 9 hadi 12, wanane. Maombezi ya mtoto yafanyike mahali wengine wanaona, mkesha ukiwemo. Mtumishi mgeni akija, piga simu usharika alikotoka, uliza kwa nini aliondoka. Barua ya utambulisho haitoshi. Sijaona inayomsema mtu vibaya.

Mtoto akikueleza jambo, hapo ndipo wengi huharibu. Usimwahidi siri. Usimuulize "ni fulani, siyo?", kwa sababu utamtia maneno mdomoni na ushahidi utatiliwa shaka. Msikilize, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyohiyo, uweke tarehe na saini. Usimwite mtuhumiwa kumhoji. Utampa muda wa kuwatisha watu. Kama ameingiliwa, asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki hushika unyevu ukaharibu vielelezo. Afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Siku tatu za vikao vya upatanisho huzimaliza saa hizo zote.

Kwa Tanzania, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba inayotumika Kenya pia.

Watu watakukumbusha msamaha. Mathayo 18 ina msamaha wa sabini mara saba, lakini jiwe la kusagia shingoni mwa anayewakosesha wadogo limetangulia, aya ya 6. Mzee wa kanisa akisisitiza mambo yaishe kimyakimya, mpe karatasi aandike hivyo, kisha atie saini.