Wageuzaji wa Kimara, Mungu Anawaona

Jamani, mtu wa Kimara ana haki zake. Sisi ndio mwisho wa njia, mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yanaanzia kwetu, kwa hiyo siti ni zetu. Wa Manzese asimame, wa Magomeni aning'inie bombani, si amepanga karibu na mjini? Mimi nimekubali kulala huku kwa maneno ya dalali: "Kaka, kituo hicho hapo, unapanda umekaa mpaka Posta."

Siti ipi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi linaingia kituoni kutoka mjini. Saa hizo nani anatoka mjini kuja kutafuta riziki Kimara? Lakini limejaa! Kumbe hao ni watu wa Korogwe, Bucha na Baruti, vituo vinavyofuata baada ya chetu. Wamegeuza. Mtu anakwenda Kivukoni, kule mjini, ila kwanza anapanda la kurudi huku, anachagua dirisha, anaegemea. Mlango ukifunguka wenyeji tunakuta wamelala fofofo, wengine wanakoroma kabisa, na muda si mrefu walikuwa wanalikimbiza basi hilohilo.

Mhudumu anapaza sauti: "Mwisho wa gari! Tushuke wote tupange foleni!" Hashuki mtu. Jana jamaa mmoja wa suti alifumbua jicho moja, akamtazama anayepiga kelele, akalifumba.

Sisi wa nje nasi si malaika. Mwaka 2016 huduma ilipoanza, nauli 650, tulikuwa tunapishana mlangoni, "tangulia wewe", "hapana, tangulia wewe", utadhani wakwe. Sasa foleni inanyooka mpaka basi litokeze tu. Kuna mama mtu mzima alikuwa ananisimulia goti lake lilivyomnyima usingizi, nami nampa pole. Mlango ulipofunguka alinipita kiwiko kikiwa mbele, goti nikaliona likiruka kizingiti. Nilipoingia nikamkuta ameshakaa, kando ya yule wa suti. "Mwanangu, njoo usimame hapa, pana hewa. Nishikie na mfuko."

Nikashika. Ungefanyaje?

Halafu mimi naenda Gerezani, njia nyingine ya mjini. Ukilitaka la Gerezani, yanakuja ya Kivukoni yamefuatana. Ukikata tamaa ukapanda hilo la Kivukoni ili ubadilishe mbele, mlango ukishafungwa tu, la Gerezani linaingia nyuma yako na siti za kumwaga. Siku ukilipata, nafasi ya kusimama ni ile ya katikati, kwenye makunjo, pale basi refu linapojipinda. Basi likikata kona pale kituo cha Fire, mguu mmoja unaelekea Msimbazi, mwingine bado uko Morogoro Road, na simu inaita mfukoni. Ni bosi.

Turudi kwa yule wa suti. Nilijipa moyo kwamba mtu aliyegeuza kwa mbwembwe zile lazima anafika Kivukoni, pengine anavuka mpaka Kigamboni, basi apumzike. Kufika Ubungo akanyanyuka, akajinyoosha, akashuka. Ubungo! Kutoka Baruti hadi Ubungo hata kobe asingegeuza.

Ila moyoni nikashukuru, siti si imebaki? Nikainamisha kiuno taratibu. Yule mama akanipokonya mfuko wake mikononi, akauweka pale.

"Hapo pana mtu, mwanangu. Mdogo wangu anapandia Shekilango."