Mvua isiyopimwa haina shahidi mahakamani

Tarehe 28 Mei 2025, mahakama ya rufaa ya mji wa Hamm nchini Ujerumani iliitupa kesi ya Saúl Luciano Lliuya, mkulima na mwongozaji wa wapanda milima kutoka Huaraz, Peru, ambaye kwa karibu miaka kumi alikuwa akiidai kampuni ya umeme ya Ujerumani, RWE, kwa mchango wake katika mabadiliko ya tabianchi. Vyombo vingi vya habari vilitangaza kwamba ameshindwa, na kwa maana ya hukumu yenyewe ni kweli. Hata hivyo, nimekuwa nikiirudia hukumu hiyo mara kwa mara, kwa sababu majaji walimkubalia mkulima huyo hoja ambayo makampuni ya makaa ya mawe, mafuta na gesi yalikuwa yakiiogopa kuliko zote, kisha wakamnyima haki kwa upungufu wa ushahidi. Hilo la ushahidi ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, na sioni tukilizungumza inavyostahili.

Nyumba ya Lliuya iko Huaraz, mji ulio chini ya ziwa Palcacocha, ambalo hujazwa na maji ya barafu inayoyeyuka katika milima ya Andes. Desemba 1941 kingo za ziwa hilo zilibomoka, na maji na matope yaliyoteremka yakaua watu wasiopungua 1,800. Baada ya hapo ziwa lilibaki dogo kwa miaka mingi, lakini barafu ilivyozidi kuyeyuka liliongezeka tena, hata kufikia mwaka 2009 maji yake yalikuwa zaidi ya mara 30 ya yale yaliyopimwa katika miaka ya 1970. RWE haijawahi kuwa na mtambo Peru. Lakini kwa makaa ya mawe iliyoyachoma kwa miaka mingi, ilikadiriwa kuwa imechangia asilimia 0.47 ya gesijoto zote za viwandani duniani, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, tangu enzi za mapinduzi ya viwanda. Lliuya aliomba kampuni hiyo ilipe asilimia hiyo hiyo, si zaidi, ya gharama ya kujenga kinga ya ziwa, yaani euro 17,000 hivi. Wanaodhani kwamba watu maskini hufungua kesi za namna hii ili watajirike wanapaswa kukitazama vizuri kiasi hicho.

Msingi wa madai yake haukuwa sheria mpya ya mazingira. Ulikuwa ni kifungu cha 1004 cha sheria ya madai ya Ujerumani, kinachompa mwenye mali haki ya kumtaka anayeihatarisha mali hiyo aondoe hatari aliyoisababisha. Ni sheria ya ujirani ambayo hata mzee wa baraza kijijini angeielewa bila kufafanuliwa: ukichimba shimo karibu na ukuta wangu hadi ukuta ukaanza kuinama, huniambii nihame, unakuja tuutegemeze ukuta. Swali lilikuwa kama ujirani huo unaweza kuvuka bahari. Mahakama ya Essen, mji yaliko makao makuu ya RWE, iliikataa kesi mwaka 2016. Mahakama ya Hamm ikaipokea mwaka 2017, na mwaka 2022 majaji wake walisafiri na wataalamu hadi Huaraz kuliona ziwa kwa macho yao. Katika hukumu ya 2025 walisema kimsingi mzalishaji mkubwa wa hewa ya ukaa anaweza kuwajibishwa kwa madhara ya mabadiliko ya tabianchi, na kwamba umbali mrefu kati ya mitambo ya Ujerumani na nyumba ya Peru si sababu ya kutosha ya kuyaita madai hayo kuwa hayana msingi.

Basi kwa nini alishindwa? Kwa sababu mtaalamu wa mahakama alikadiria kwamba uwezekano wa mafuriko ya ziwa kuifikia nyumba ile katika miaka 30 ijayo ni kama asilimia 1 tu, na majaji wakaona hatari hiyo ni ndogo mno. Wakili wake hakukubaliana na namna hesabu hiyo ilivyofanywa, nami sina utaalamu wa kuamua kati yao. Ninachokiona ni kwamba ubishi ulihama. Haukuwa tena juu ya iwapo kampuni inaweza kushtakiwa. Ulikuwa juu ya mteremko, ujazo wa maji, kina na miaka. Ulikuwa ubishi wa vipimo.

Wapo watakaouliza kwa nini makampuni yalaumiwe ilhali sote tunatumia mafuta. Swali hilo linastahili jibu la kweli. Mwendesha bodaboda wa Mwanza ananunua lita mbili za petroli kwa sababu hana njia nyingine ya kufika kazini, na Afrika nzima huchangia kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa duniani. Kampuni ni jambo jingine, kwa sababu yenyewe ilijua. Wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon waliwaeleza wakubwa wao juu ya ongezeko la joto tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba kati ya asilimia 63 na 83 ya makadirio yao ya joto yalikuja kuwa sahihi. Shell nayo iliandaa ripoti ya ndani kuhusu suala hilo mwaka 1988. Miaka iliyofuata, fedha nyingi za sekta hiyo zilitumika kuwafanya wananchi na wabunge waamini kwamba sayansi bado haijatulia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini katika jambo hili faida ililiwa na wa kwao, na janga likapelekwa kwa watu wa mbali ambao hawakuwahi kuliona shamba lilikochumwa.

Ndiyo maana nawaza juu ya Kalehe, mashariki mwa Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Siku moja baadaye, ng'ambo ya ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe huko Kivu Kusini, mito ilifurika na milima ikaporomoka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400, na wengine wengi hawakupatikana kamwe. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima ni kwa kiasi gani ongezeko la joto duniani limechangia tukio fulani, walijaribu kulichunguza janga hilo. Walishindwa kutoa jibu. Takwimu za mvua za eneo lile zilikuwa chache mno kuweza kutegemewa.

Mwaka huo huo kundi hilo lilikuwa limeweza kusema kwamba ukame wa Pembe ya Afrika, ulioua mifugo na kuwahamisha watu Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya baada ya misimu mitano ya mvua kushindwa mfululizo, uliongezewa uwezekano angalau mara 100 na mabadiliko ya tabianchi. Kauli kama hiyo wakili anaweza kusimama nayo mbele ya jaji. Lakini wa Nyamukubi wana makaburi tu. Mwanasheria wa kampuni akiuliza mvua ya siku ile ilikuwa milimita ngapi, na ile ya miaka 40 iliyopita ilikuwa ngapi, nani atamjibu? Lliuya alikuwa na ziwa linalopimwa tangu zamani, barafu iliyochunguzwa na vyuo vikuu na majaji waliokwenda kuona wenyewe, na bado ushahidi haukutosha. Nikifikiria hilo, nahofia kwamba mlango uliofunguliwa Hamm tutaufikia mikono mitupu.

Serikali zetu zina sehemu yao katika lawama, na sitaki kuikwepa. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina mbia mkuu TotalEnergies mwenye asilimia 62, lakini mashirika ya umma ya Uganda na Tanzania nayo yana hisa. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi isiyochukua hatua zifaazo kulinda tabianchi, ikiwa ni pamoja na kwa kutoa leseni za kutafuta mafuta au ruzuku kwa mafuta hayo, inaweza kuwa inatenda kosa chini ya sheria ya kimataifa. Maoni hayo yaliombwa kwa juhudi zilizoanzishwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Mei mwaka huo huo, Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulikuwa umepeleka ombi la namna hiyo katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Huwezi kumdai jirani kwa moto wake huku nawe unakusanya kuni. Natamani serikali zetu zilisikie hilo kabla ya mahakama kulisema.

Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na kipimamvua cha chuma karibu na mlingoti wa bendera. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu aliyamimina maji katika chupa yenye alama za milimita, akasoma, akaandika daftarini mbele ya mwalimu wa jiografia. Niliporudi miaka michache iliyopita kipimamvua hakikuwepo, na hakuna aliyejua yale madaftari yalikopelekwa. Nikiulizwa leo fedha za fidia ya tabianchi zianzie wapi, nitasema zianzie pale: kipimamvua katika kila shule na kila zahanati kutoka Kalehe hadi Rufiji, kifaa cha kupima kina cha maji katika kila mto unaofurika, na madaftari yenye nakala mbili, moja ibaki kijijini na nyingine iende kwa mamlaka ya hali ya hewa. Na kila anayesoma kipimo aandike jina lake, tarehe na saa, kwa maana wakili wa upande wa pili atauliza.